Muhogo wa Nazi Mbele ya Kamati

Kamati ya kukusanya maoni kuhusu mswada wa sheria ya rushwa ilipotangaza kuwa itafika kwetu Ole, nilikosa usingizi kwa furaha na kwa hofu. Mswada wote nilikuwa nimeusoma kwenye simu, kifungu kwa kifungu, bila mwalimu, kamusi ikiwa pembeni. Maoni yangu niliyaandika, nikayachana, nikayaandika tena. Ndivyo nilivyo: nukta ikikaa vibaya, chakula hakinishuki.

Nilikuwa na jambo moja tu. Dada yangu alikwenda ofisi moja kumtafutia mwanawe cheti cha kuzaliwa, akawa anarudi bila cheti, kwa sababu alikwenda mkono mtupu. Wenzake waliokwenda na vikapu vya embe walipata. Nilitaka sheria iseme wazi kuwa zawadi kabla ya huduma ni rushwa, hata ikiwa embe.

Ukumbi wa skuli ulijaa. Nilipoitwa, nilisimama na karatasi yangu. Nikasoma bila kuinua macho.

"Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, mtumishi wa umma asipokee chochote, hata chakula, kabla hajamhudumia mwananchi."

Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele kama mvua ipitayo juu ya mabati. Nikainua macho. Mama yangu, ambaye kwake mgeni hapiti Ole bila kula, alikuwa amesimama kwenye meza ya kamati, anamwekea Mwenyekiti sahani ya muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga.

"Haya, Mheshimiwa," bibi jirani yetu akapaza sauti, "wapokea au hupokei?"

Mwenyekiti akaurudisha mkono kama aliyegusa chungu cha moto.

"Mwanangu," mama akanigeukia, "mie nimekuna nazi tangu alfajiri, leo weye wanifunga?"

"Si weye, mama. Atafungwa yeye!"

"Wote wawili!" mzee mmoja akadakia. "Mtoaji na mpokeaji!"

Hapo hakuna aliyesubiri kuitwa tena. Wengine walisema kumlisha mgeni ni heshima, tangu lini heshima ikawa kosa? Wengine wakauliza mbona heshima hiyo huwafuata wenye vyeo tu, mpita njia mwenye kandambili hapewi hata maji. Nami nilikuwa nacheka.

"Funika, mwanangu," bibi akamwambia mama. "Watusikize kwanza. Wakimaliza, tutakula sote."

Mama akaifunika sahani kwa kawa la ukili. Mwenyekiti akajifuta machozi ya kicheko, akaniomba niweke karatasi chini, niseme nilichotaka hasa.

Nikamtazama dada yangu, mtoto mapajani. "Aliyekuja na embe na aliyekuja mikono mitupu," nikasema, "wahudumiwe kwa foleni moja."

Wakaandika. Dada akapiga kigelegele, kina mama wakampokea.

Sijui mswada utaishia wapi. Siku ile maoni yalipokwisha tulikula, muhogo umeshapoa, sahani zikizungushwa hadi kwa waliosimama mlangoni. Nilikuwa na tonge mkononi nilipokumbuka kwamba sikutaja namba ya kifungu. Nikainuka kumfuata Mwenyekiti nikarekebishe.

Mama akanivuta baibui. "Keti kitako. Mwache mwenzio ale."