Matongotongo ya Mbwa wa Babu

Harufu ya dagaa walioanikwa pale sokoni Mwaloni hunirudisha kwenye ua wetu wa Kirumba, wiki tuliyomzika babu. Mbwa wake alilala akikitazama kiti kitupu cha babu, huku akitikisa mkia.

“Anamwona,” dada alisema. “Ukijipaka matongotongo yake machoni, na wewe utamwona.”

“Jipake wewe!”

“Mimi naogopa. Si wewe unayemlilia?”

Nilimlilia kweli, na nilitaka kujua kama bado anakaa pale. Nikamfuta mbwa macho kwa kidole, nikajipaka. Yaliniwasha, machozi yakatoka, kiti kikawa ukungu.

“Umemwona?”

Nikakigeukia kiti.

“Shikamoo, babu,” nilisema.

Mbwa alisimamisha masikio. Mimi naye tukasubiri babu aitikie.