Miwani ya Fundi Jicho

Mtaa mzima walimwita Fundi Jicho, na jina hilo hakulipewa kwa upendeleo. Ukiingia chumbani kwake, kati ya kinyozi na fundi viatu, anakutazama mara moja kuanzia begani mpaka kisigino, kisha anasema, "Mita mbili na nusu, na upunguze soda." Basi, amemaliza. Futi ya kamba ilikuwa shingoni kama kidani tu. Gauni likitoka, linakukaa utadhani ulizaliwa nalo.

Sasa, miaka kama miwili nyuma, vitambaa vilianza kumgomea. Mteja anaambiwa alete mita tatu, analeta tatu, mkasi ukishapita, mkono wa kushoto wa gauni haupo. Wewe ungesema angepima kwanza. Ungesema hivyo kwa sababu hujawahi kukaa nyuma ya cherehani. Kwa mafundi wa pale, kumpimia mteja kitambaa chake mbele yake ni sawa na kumpekua mifukoni. Kwa hiyo alinyamaza, akaungaunga kwa vipande vya kapu lake mwenyewe, na lawama zote akalitwisha jicho lake. Akaenda kununua miwani yenye miguu inayobana masikio kama koleo.

"Sasa tukuite Fundi Miwani?" mumewe alimtania.

Fundi alicheka, kisha akaingia ndani kujifuta machozi. Jicho likienda, amebaki na nini? Na huko nje maneno yalishaanza: fundi anakula vitambaa. Mafundi wengine wanakula kweli, na wanashiba, siwatetei. Huyu hakuwahi kubaki na uzi wa mtu.

Jumamosi moja asubuhi akaingia wifi yake, dada wa mumewe, muuguzi anayestaafu, kuangalia gauni lake la sherehe ya kuagwa. Kitambaa cha zambarau kilikuwa bado mezani, hakijaguswa na mkasi.

"Wifi, hiki hakitoshi mikono mirefu," fundi alisema.

"Hakitoshi? Si wewe uliyesema mita tatu? Nimenunua tatu, nimekuachia juzi. Mmekila na nani?"

"Wifi, chunga mdomo."

"Nichunge mdomo na wewe hujachunga mkasi! Mtaa mzima wanasema, mimi nakutetea kama mjinga."

Hapo damu ilimchemka. Akaivua ile futi shingoni, akavunja mwiko wa kazi yake mchana kweupe, akapima. Mita mbili na robo tatu. Akapima tena. Ile ile.

"Umeshakata," wifi akasema.

"Twende dukani ulikonunua."

"Kufanya nini?"

"Kununua mita moja. Nitalipa mimi."

Muuza vitambaa walimwita Mzee wa Nyongeza, kwa sababu kila akimaliza kupima husogeza vidole viwili mbele na kusema, "Hivi nakuongezea mimi, mama yangu, bure." Watu walivuka maduka matatu kufuata vidole viwili! Siku ile duka lilijaa. Akachukua fimbo yake ya kupimia, akaikamata mwisho kwa ngumi, akalivuta jora mpaka kitambaa kikalia, akapima, akaongeza vidole vyake, akachana.

Fundi Jicho hakusubiri afunge. Akakilaza kitambaa mezani, akaweka futi juu yake. Sentimita tisini na nne, na nyongeza imo humo humo.

"Dada, futi za kamba huvutika," Mzee wa Nyongeza akacheka. "Mita ya dukani ndiyo mita."

"Sawa. Hebu toa ngumi."

"Ngumi gani?"

"Hiyo uliyoshikia fimbo. Unaogopa itaota mbawa?"

Watu wakageuka. Mzee akabadilisha mkono, na huo ndio ulikuwa ujinga wake, maana katika kubadilisha fimbo ilionekana. Pale inapotakiwa kuanzia sifuri ilianzia kumi. Kipande cha mwanzo kilikatwa kwa msumeno, kikasuguliwa vizuri, kikapakwa rangi. Kila mita, anameza upana wa kiganja; kisha anakutemea vidole viwili, na wewe unamshukuru!

"Imevunjika tu," Mzee akasema.

"Imevunjika ikajipaka rangi yenyewe?" alidakia wifi, sauti ya wodini, ile inayoamsha wagonjwa wote. "Mzee, mimi nimemtukana mke wa kaka yangu kwa ajili ya fimbo hii!"

Mama mmoja akatoa kitambaa chake kwenye mfuko, akaomba futi. Mwingine akapanga foleni nyuma yake. Mzee akasema atawaongezea wote, na hiyo "kuwaongezea" karibu imponze.

Fundi Jicho hakupiga kelele. Hesabu yake haikuwa ya vitambaa. Alifikiria kila mteja ambaye yeye alimwomba radhi kwa kosa lisilo lake, kila kipande cha kapuni, kila asubuhi aliyoogopa kushika mkasi. Akavua miwani, akaiweka juu ya jora.

"Hii ni yako," alisema. "Miaka miwili naivaa kwa ajili ya wizi wako. Mimi naona."

Akakata robo mita ya zambarau iliyopungua, kwa jicho tu, bila kuuliza bei. Wifi akaipima papo hapo, ikatoka robo kamili, akambebea mkoba mpaka nyumbani.