Zamu ya Kumwagilia Miche

Mpaka leo, nikisikia harufu ya udongo uliolowa ndani ya pakiti ya maziwa, mimi hugeuka kutazama barabara. Chekeni tu, lakini ngojeni niwaeleze.

Nilikuwa darasa la tatu, shule moja karibu na mtaa wa Obunga, mwishoni mwa miaka ya themanini. Tulikunywa maziwa shuleni, na pakiti tupu tukazijaza udongo kuoteshea miche. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa, na alirudi kutoka sokoni jua likizama. Wenzangu kadhaa walichukuliwa na baba zao kwa baiskeli. Mimi nilitembea peke yangu, ufunguo shingoni, na wivu ulinitafuna, nakiri.

Ndipo akaja yule mtu. Baiskeli yake nyeusi iling'aa, na viatu vyake vilikuwa safi hata barabara ikiwa tope. Alinisubiri langoni.

"Achieng, kuja. Mimi ni rafiki ya mamako. Amesema nikupeleke nyumbani."

Sikujiuliza jina langu amelijulia wapi. Nilijua tu kwamba hatimaye nami nina mtu wa kunichukua, na wenzangu wanatazama. Mwalimu Perpetua, mwalimu wetu wa darasa, akatufikia.

"Huyu ni nani wako?"

"Baba mdogo," nikadanganya bila kupepesa macho.

Mwalimu alimtazama yule mtu kwa muda mrefu, kisha akanishika bega. "Nyathina, mtoto wangu, leo ni zamu yako ya kumwagilia miche. Baba mdogo aende tu."

Zamu hiyo haikuisha. Kesho yake mimi, keshokutwa mimi. Mwalimu alikaa ngazini akisahihisha madaftari, na mama, sijui nani alimwambia, akaanza kunipitia na beseni lake kichwani. Walinong'onezana, kisha mama alinishika mkono kwa nguvu njia nzima. Nilimchukia mwalimu yule. Niliamini ananiadhibu kwa sababu sina baba.

Yule mtu hakuacha kuja. Alisimama ng'ambo ya barabara, akipiga kengele ya baiskeli taratibu, akinitazama kupitia ua wa michongoma. Mimi nilimpungia mkono.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha, uwanja ukajaa maji. Nikajua leo nimepona. Mwalimu akanipa kopo.

"Lakini mwalimu, si mvua imemwagilia!"

"Mwagilia, nyathina." Macho yake yalikuwa barabarani. Nikamwagilia mvuani, nikilia kwa hasira.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, msichana wa darasa la nne aliyeishi na nyanya yake hakufika nyumbani. Watu wazima walinyamaza kila tulipowakaribia. Kengele ile ya baiskeli sikuisikia tena.

Miche yote ilioza. Mwalimu mkuu akauliza mbele ya gwaride ni mjinga gani ameiua kwa maji. Niliinamisha kichwa nikingoja kiboko. Mwalimu Perpetua akainua mkono.

"Ni mimi, mwalimu mkuu."

Aligombezwa mbele ya shule nzima, nami nikafurahi kwamba hatimaye naye ameadhibiwa. Sasa nina binti wa darasa la tatu, na furaha ile hunitia aibu kila ninapomsubiri langoni.