Poda Niliyonunua Siku ya Majibu

Saumu, Baraka na ninyi wengine wa kundi letu la simu la kujifunza Kiitaliano, kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa makosa ya herufi, maana mimi naandika polepole, kalamu yenyewe inakata wino, na kioo cha simu yangu kimepasuka upande wa kulia hata kuandika maneno marefu humo ni sawa na kuokota mchele kwenye mchanga, kwa hiyo nimeandika kwenye daftari na nitawatumia picha za kurasa moja baada ya nyingine. Neno lisiposomeka, niulizeni.

Hongera zenu nimezipata zote. Ya Saumu yenye maua, ya Baraka yenye maelezo marefu ya namna ya kuomba nafasi chuo kikuu (nimeyasoma mara mbili, asante), na zile sauti za wengine mkipiga makofi. Wiki tatu nimezitazama bila kujibu. Ukweli ni kwamba sikustahili hata moja. Sikufaulu mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari. Wala sikuufanya. Shule niliiacha nilipomaliza la sita la msingi, mwaka ambao baba alirudi kwao Kasai kuzika ndugu yake na hakuonekana tena, na tangu siku hizo mimi nashona mifuko ya wachimbaji hapa Kasulo, mtaa wetu wa machimbo. Ile mifuko ya kubebea mawe ya kobalti ikipasuka wananiletea, naishona kwa sindano kubwa na uzi wa nailoni. Hiyo ndiyo kazi yangu. Sasa niwaeleze namna nilivyobebwa juujuu hadi sokoni kwa ajili ya diploma (ndivyo kwetu tunavyoita cheti cha mtihani huo) isiyokuwapo.

Wengine mmeingia kundini karibuni, basi nianze na kitabu. Mama yangu anauza karanga sokoni. Anazifunga kwenye karatasi iliyosokotwa kama pembe, na karatasi anazipata katika vitabu vya zamani ambavyo watu huuza kwa kilo wakihama. Siku moja katika furushi nikaona kitabu chenye picha ya familia inayokula tambi karibu na bahari, wote wanacheka, hata mbwa. Kilikuwa cha kujifunza Kiitaliano. Nilipokiokoa, kurasa za mwisho zilikuwa zimekwisha kuondoka na karanga, ndiyo maana mimi najua masomo kumi na moja tu, na namna ya kusema mambo yaliyopita siijui, iliuzwa.

Mtaniuliza kwa nini Kiitaliano. Kwa sababu Kifaransa ninapokisema, wale niliosoma nao wanaangaliana. Mimi ni mtu wa haya, nikiangaliwa hivyo maneno yanarudi tumboni. Lakini Kiitaliano hakuna anayekijua kwenye barabara yetu, kwa hiyo hakuna wa kunicheka. Nilikuwa nashona mfuko na kunong'ona somo la tatu, mchana kutwa, nikiwa na amani yangu.

Kisha nikapata kundi hili. Siku ya kujitambulisha Saumu alisema anasoma mambo ya hoteli Malindi na anataka kuongea na wageni bila kukisia, Baraka akasema yuko mwaka wa kwanza chuoni Iringa, halafu mkaniuliza mimi. Nikafungua somo la kwanza, nikanakili sentensi ya kwanza kama ilivyo: Sono uno studente. Mimi ni mwanafunzi. Ndiyo sentensi pekee niliyokuwa na hakika nayo. Ningeweza kuongeza, "hii ni ya kitabuni." Sikuongeza. Mkaniuliza darasa gani, nikasema la mwisho la sekondari, kwa sababu umri wangu ulilingana. Uongo wangu mwanzoni ulikuwa mdogo hivyo, kama tundu la sindano katika mfuko, na anayeshona mifuko anajua tundu hilo huishia wapi mfuko ukijazwa mawe.

Ikaja likizo. Mnakumbuka zoezi la sentensi kumi za likizo: Saumu alikwenda Taita kwa mjomba akaandika habari za baridi, Baraka aliuza vitumbua na dada yake Makambako, na mimi nikaandika kwamba nimekwenda baharini na familia na mbwa. Baraka akauliza bahari gani, maana aliangalia ramani. Nikasema ni ziwa la Nzilo. (Ziwa lipo. Mbwa hatuna.)

Baada ya hapo majibu ya mtihani wa mkoa wetu yakatoka. Kwetu majibu yanakuja kwa simu, na mtu akifaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, mabegani, hadi kwenye nyusi, na poda ikikosekana ni unga, na anatembezwa barabarani watu wakiimba. Siku hiyo tangu asubuhi Kasulo ilikuwa inapiga vigelegele huku na kule. Baraka alikuwa ameona video za vijana weupe namna hiyo, akaniandikia, vipi wewe? Nilikuwa na mfuko mapajani na sindano mdomoni. Nikajibu kwa kidole kimoja: nimepita. Saumu akasema basi tutumie picha ukiwa na poda, tufurahi nawe.

Hapo ndipo nilipoamua jambo lililoniangamiza. Niliona picha moja haina madhara. Mama yuko sokoni, dada yangu mdogo yuko kwenye mazoezi ya kwaya, najipaka kidogo, napiga, naosha, basi.

Nikaenda dukani kwa Tata Mwepu (Tata kwetu ni baba), pale kwenye kona, nikaomba kopo la poda. Mtu mwenye akili angesubiri siku nyingine. Siku ya majibu, kwetu, kijana wa umri wangu anayenunua poda haulizwi ni ya mtoto gani. Tata Mwepu aliniangalia, akauliza, "Kazadi, kwenu ni nani alipita?" Ningeweza kusema jirani. Niliinamisha kichwa nikatabasamu, kama ninavyofanya kila nikiulizwa kitu, na nyuma yangu alikuwa amesimama Mama Odia, jirani yetu wa nyumba ya pili, akipimiwa unga wa bukari, yaani ugali.

Sikugeuka. Nilisikia tu akisema, "Njo maana anaongeaka paka yeye moja na kile kitabu. Mi nilisema, huyu mutoto iko na kitu." (Njo ni ndiyo, na paka kwetu ni "tu", si mnyama.)

Nilirudi nyumbani mbio, nikaenda nyuma ya nyumba penye lile turubai la rangi ya chungwa linalofunika shimo la zamani la kobalti la mwenye nyumba, nikaona rangi itapendeza. Nikamwaga poda. Kopo likafunguka zaidi ya nilivyotaka, ikaingia puani na machoni. Nikiwa napiga chafya simu ikalia, ni Saumu anapiga kwa video pamoja na Baraka, na kidole changu chenye poda, badala ya kukata, kikakubali. Mkaanza kupiga kelele za furaha. Mliniona nikilia machozi na mkasema nimeguswa moyo. Ilikuwa poda.

Nilitaka kuwaambia nitapiga baadaye, lakini vigelegele vikaanza mlangoni. Mama Odia mbele, na mfuniko wa sufuria na bakuli la unga, nyuma yake barabara nzima, na wachimbaji waliokuwa wametoka kula, na watoto wasiohesabika. Bakuli likamwagwa juu ya poda. Wachimbaji wawili wakaniweka mabegani. Simu ikachukuliwa na Papy, ambaye mifuko yake naishona kila wiki, akaelekeza kioo kwangu na kuwahutubia ninyi: "Ba Kenya, ba Tanzania, muangalie! Kazadi yetu alipata diploma!" Nyinyi mkajibu. Nilisikia sauti ya Baraka ikiimba na watu wasiomjua.

Nikasema, "Niteremusheni." Nilisema mara tatu, nadhani, lakini mimi sauti yangu hata ndani ya nyumba tupu haifiki ukutani. Mtu mmoja akasema anaona haya, mumupeleke kwa mama yake. Tukaelekea sokoni.

Sehemu inayofuata nimeifuta mara mbili.

Mama alikuwa ameinama anasokota karatasi. Akainua kichwa, akaona umati unakuja mbio kwenye vumbi, umebeba mtu mabegani, na mtu huyo ni mimi, mweupe kuanzia kichwani hadi kiunoni, kichwa kimelala upande (nilikuwa nakiinamisha kwa aibu). Hapa Kasulo umati ukija hivyo umebeba kijana, kwa kawaida si diploma. Ni shimo limemwangukia mtu, wamemfukua. Na mimi nilikuwa nimemuahidi mama, mwaka nilioacha shule, kwamba nitashona mifuko ya wanaoshuka lakini mimi sitashuka.

Alisimama na meza ikaenda naye. Karanga zote chini. Akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Shimo ilimuangukia? Bado iko anapumua?"

"Alipita, mama!" wakamjibu. "Mutoto yako alipita mutihani!"

Ilimchukua muda kuelewa. Nilimwona usoni hofu ikiondoka na kitu kingine kikiingia, na hicho kingine kilikuwa kibaya zaidi kwangu, kwa sababu kilikuwa furaha. Alikuja karibu, akanigusa mguu, akauliza kwa sauti ndogo, kana kwamba tuko peke yetu, akiniita baba kama anavyoniita akinipenda: "Tata, ulisoma wakati gani? Juu ya nini ulinificha?" Halafu akajijibu mwenyewe, akawageukia watu, akawaambia kila siku ananisikia nikisoma chini kwa chini nikishona, kumbe ni mtihani. Aliamini nimejisomea mwenyewe, kwa siri, kwa kitabu kilichotoka kwenye karatasi zake za karanga. Akafungua kitenge chake cha juu, kile cha kutokea, akakitandika chini kwenye vumbi ili nishuke na kukikanyaga, kama wanavyotandikiwa watu wa heshima. Akaanza kucheza.

Hapo picha yenu iliganda, kwa sababu salio langu liliisha. Ninyi mnachojua kinaishia hapo, mama anacheza.

Walinishusha. Mguu wangu ulikuwa shubiri moja kutoka kwenye kitenge. Ningekanyaga siku hiyo, kesho yake ningeulizwa diploma iko wapi, na kila mwaka ningeulizwa. Lakini sikufikiri hayo yote wakati ule, niliangalia tu maua ya kitenge, ya manjano, nikaona siwezi.

Nikasema, "Mama, mi sikupita. Sikufanya mutihani. Ile poda nilijitia mi mwenyewe, juu ya photo."

Safari hii sauti ilifika. Vigelegele vikazimika kuanzia mbele kwenda nyuma, na waliokuwa nyuma kabisa waliendelea kuimba peke yao mpaka wakaambiwa. Mama Odia akaangalia bakuli lake. "Na ile unga yangu? Ilikuwa ya bukari ya batoto, ya leo."

"Inabakia paka maji ya moto," Papy akasema, "ataiva."

Watu wakacheka, na sikuwalaumu. Mmoja aliyekuwa amenibeba alijipangusa bega, akaniambia nina uzito wa mtu aliyesoma kweli. Wengine waliondoka tu, na hao waliniuma zaidi.

Mama hakucheka wala hakulia. Aliokota kitenge, akakikung'uta, akajifunga tena taratibu, akahakikisha fundo. Kisha akaniuliza swali moja.

"Hukuingia mu shimo?"

"Hapana, mama."

"Basi inama, uokote karanga."

Tukaokota wawili, mpaka soko likapungua watu. Unga ulinidondoka juu ya karanga nikawa napuliza. Kesho yake aliziuza kwa majirani wanaotwanga, hakuna aliyekubali kuzila nzima.

Kichwani kwangu maji yalipokutana na unga na poda yakawa kitu kama gundi, na dada yangu alinikata nywele zote kwa mkasi wa kushonea, ndiyo maana sijatuma picha. Barabarani sasa naitwa Diplome. "Diplome, huu mufuko wangu bado?" Nimezoea. Watoto wa Mama Odia nimewashonea mabegi ya shule kwa mfuko mpya, na yeye amerudi kunisalimu, ingawa akiniona karibu na unga wake anaufunika.

Kuhusu mama, alikaa siku mbili anasema nami mambo ya maji na makaa tu. Siku ya tatu alikuja nilipokuwa nashona, akachukua kile kitabu, akakigeuza, akaniambia nimsomee. Nikamsomea somo la kwanza lote. Akauliza kama wale watu wa simu wanajua kwamba nashona mifuko. Nikasema hawajui.

"Utabaandikia," akasema. "Polepole, vile unaandikaka. Lakini utabaandikia."

Nimeandika siku nne. Naapa sitanunua poda tena maisha yangu yote, hata nikipata mtoto, mama yake ataenda dukani mwenyewe. Na sitanakili tena sentensi kwa sababu tu ni ya kwanza kwenye ukurasa. Hii hapa nimeitunga mwenyewe, kwa kamusi ya simu, haimo kitabuni: Mi chiamo Kazadi, non sono studente, cucio sacchi. Naitwa Kazadi, mimi si mwanafunzi, nashona mifuko. Saumu, iangalie kama iko sawa. Baraka, maelezo yako ya chuo nimempa dada yangu, yuko sekondari mwaka wa kwanza, ameyaweka ndani ya Biblia yake.

Sijui kama bado mnanitaka kundini. Mkikataa nitaelewa, ila niandikieni mniambie, msininyamazie, maana wiki tatu za kunyamaza nimezijaribu mimi na ni ndefu. Na mkikubali, tafadhali mmoja wenu anitumie somo la kumi na mbili.