Mke wangu kacheka, sifa kapewa Kibwana

Leo nimemwonea wivu Kibwana wa Mwembesongo, mwalimu mwenzangu, mpaka chai ikanipoa mkononi.

Kila Ijumaa huwa nawatumia ninyi, pamoja na Kibwana na mke wangu, visa vya kuchekesha nilivyosoma mtandaoni wiki nzima. Mke wangu havifungui.

Asubuhi nimemkuta jikoni, simu mkononi, anafuta machozi kwa kucheka.

"Baba Neema, soma hiki cha bwana harusi aliyekwenda ukweni na viatu vyote vya kushoto. Mwalimu Kibwana anajua kuchagua."

Kibwana alikitoa kwangu! Nikamwambia nami nilimtumia, tangu Ijumaa.

"Wewe ukituma unakuja kusimama mlangoni kunikagua kama nimecheka."

Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Basi, vya wiki hii nimempa Kibwana amtumie. Mimi niko sebuleni, nasikiliza jikoni.

Ninyi je, mnavifungua?