Matope Menoni

Latifa alipopoteza macho, akiwa na miaka thelathini na moja, kaka yake Ayoubu aliiuza cherehani yake wiki ileile. Hakumuuliza. Alisema kipofu na sindano wapi na wapi. Wema wa Ayoubu ndivyo ulivyo: unakuja mbio, na ukishapita unajikuta huna kitu.

Latifa alilia mpaka akachoka kulia. Akaenda Nyangwe kwa bibi mmoja msusi wa mikeka, akakaa naye miezi minane, vidole vikichanika. Aliporudi Kasongo alipanga chumba kando ya changu, akaanza kubuni mapambo ambayo hata yule bibi hakuwahi kuyasuka. Huu ni mwaka wa nne, na mabibi harusi wanangoja zamu. Rangi anazijua kwa mafundo: fungu la majani mekundu lina fundo moja, jeusi mawili, jeupe halina.

Alhamisi moja mama Soraya alikuwa aje alasiri kuchukua mkeka wa harusi ya binti yake. Sharti lake lilikuwa moja tu: nyeusi isiingie hata kidogo. Katika ukoo wao, mkeka wenye nyeusi hulaziwa maiti. Ulibaki ukili mmoja, utepe wa mwisho wa kusuka na kushonea kwenye mkeka.

Asubuhi hiyo Ayoubu akaingia na pikipiki kutoka Wamaza. Alitaka kumpeleka dada yake kwake, akae, alishwe, mambo yaishe. Latifa akakataa, akaenda kuchota maji. Huku nyuma, Ayoubu akamfungashia vitu. Alipoona yale majani ya ukindu yamefungwa mafundo ovyo ovyo, akayafungua yote, akayanyoosha, akafanya mzigo mmoja safi. Akajisifu.

Latifa alipoushika mzigo ule alikaa chini. Nilikuwa mlangoni kwake nachambua maharage, nikaona vidole vyake vinatafuta mafundo, hayapo. Ayoubu akasema si neno, macho anayo, atamchagulia. Lakini akaweka sharti: mama Soraya akiukataa mkeka, safari ya Wamaza ni leo. Latifa akakubali.

Chumba kile kina dirisha dogo kama la banda la kuku, mwanga wake haba. Ayoubu anatoa jani, Latifa analipitisha mdomoni kulilainisha, anasuka. Kwenye jani la kumi na nne akasita. Majani meusi huzikwa siku kadhaa kwenye matope ya mto ili yashike weusi, na hata ukiyaosha vipi, chembe hubaki.

"Hii iko nyeusi, yaya," alimwambia kaka yake.

"Iko nyekundu. Miye niko na macho, Latifa."

"Nasikia matope ku meno."

Ayoubu akawaka. Akauliza kama amefunga safari yote ile kuja kuitwa mwongo. Mimi nikainuka nilitazame jani, Latifa akanizuia. Alisema macho yangu yakimwokoa leo, kesho atayaazima wapi? Nilimwonea hasira, kusema kweli, maana saa zilikuwa zinakwenda na ukili haujafika nusu. Akalitupa lile jani uani, akausogeza mkono wa kaka yake pembeni, akaendelea peke yake, jani kwa jani, kwa ulimi. Ayoubu akatoka akaketi uani, amenuna.

Mama Soraya alifika adhana ya alasiri ikiisha tu, ukili wa mwisho umeshashonewa. Mkeka ukatandazwa juani. Alipiga magoti, akaupitia mstari kwa mstari kwa kidole. Latifa alisimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili.

Mwishowe mama Soraya akainuka. Akamgeukia Ayoubu, si Latifa, akataka kujua kama mgonjwa wake anaweza kusuka mwingine, wa binti wa pili.

Ayoubu alikuwa ameliokota lile jani. Kule juani lilikuwa jeusi tii.

"Umuulize mwenye kazi, mama," alisema. "Miye sikuona."

Jioni alirudi Wamaza peke yake.