Nilimpa Mama Salamu za Marehemu

Kosa ni langu. Nalisema mapema kwa sababu mimi ni mtu wa mdomo, nikianza kueleza mambo huwa najitetea bila kujua, na leo sitaki kujitetea. Nimemharibu mama yangu mzazi, na wakati namharibu nilikuwa najisifu kwa watu kwamba namtunza.

Jina langu sitaliandika. Nashona majoho ya kwaya na sare za shule hapa Awendo, na washonaji tuko wengi, kwa hivyo hata ukinitafuta hutanipata. Nimepita miaka hamsini. Niliachika zamani. Nimepanga vyumba viwili ndani ya ploti yenye geti.

Kwetu ni Rusinga. Baba alioa wake wawili, na mama ndiye mkubwa. Wa pili tulimwita Mama Dorka. Hawa wawili waligombana ujana wao wote. Waligombania shamba, wakagombania mume, mpaka sufuria waligombania. Baba alipokufa wakabaki wao tu kwenye boma, na sijui ni lini hasa walianza kupendana. Nikienda nyumbani nilikuwa nawakuta wanakula sahani moja huku wanatukanana. Mama hakumwita kwa jina. Alimwita "nyieka", yaani mke mwenzangu, na vile alivyolitamka ungedhani anaita dada yake wa tumbo moja.

Kitu kingine ambacho mama alipenda ni kwenda matanga. Usicheke. Watu wa kwetu mnanielewa. Mama alikuwa na sauti ya kuomboleza, akiingia kwa wafiwa na wimbo wake hata wanaume waliokuwa wanapanga viti walisimama. Yeye na Mama Dorka hawakukosa mazishi. Walikuwa wanalala huko na wamama wenzao, wanalia, wanapiga hadithi, wanakula, wanarudi nyumbani wamechoka na nyuso zimetulia. Mimi niliona ni ujinga. Nilisema wazee hawa hawana kazi, wanazunguka wakitafuta huzuni za watu.

Halafu mama akapatikana na presha. Daktari akasema apunguze chumvi na asiwe na mawazo mengi. Hayo tu. Lakini mimi nilisikia nilichotaka kusikia. Nikafunga nguo zake nikamleta Awendo. Kwetu mama halali kwa mkwe wake, lakini mimi sina mume, kwa hivyo hakuna aliyekuwa na neno. Kaka zangu walinishukuru kwa simu. Walisema sasa mama amepata mapumziko.

Mapumziko gani! Asubuhi naenda dukani, jioni narudi, yeye yuko palepale kwenye kiti. Alikuwa na redio yake na simu yake. Redio ya Kiluo hutangaza vifo jioni, na mama aliifuata kama wengine wanavyofuata mpira. Akisikia jina la mtu anayemjua, anaanza kutafuta leso yake. "Nipe nauli, lazima niende." Mimi nasema hapana mama, presha, nitatuma mchango kwa jina lako. Siku moja akaniangalia akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, hiyo pesa yako ikifika pale italia na sauti gani?"

Nilicheka. Nikatuma mchango.

Kilichomweka hai ni simu ya Mama Dorka. Kila asubuhi walipigiana, na kelele yake ilifika ploti nzima. Kuku gani ametaga, nani amezaa, nani amekosana na mchungaji. Mama akikata simu anakuwa ameamka kweli, anaweza hata kuchambua mboga.

Basi Mama Dorka akafa. Alianguka jikoni kwake na hakuamka. Mtoto wake Ouma, ambaye ni kaka yangu wa mama mwingine, ndiye alinipigia nikiwa dukani. Nililia juu ya cherehani mpaka kitambaa cha mteja kikalowa. Halafu nikapangusa uso, na badala ya kwenda nyumbani kumwambia mama, nikaanza kupanga uongo.

Nilijiambia akisikia atakufa. Hiyo ndiyo sababu nimewapa watu mpaka leo. Ile nyingine nitaisema hapa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na kazi ya majoho ya kwaya nzima, na sikuwa na nguvu ya kumbeba mama na kilio chake kutoka Awendo mpaka Rusinga. Niliona atanisumbua.

Jioni hiyo nikachukua simu yake, nikasema haishiki chaji, naipeleka kwa fundi. Redio nikasema imeungua. Watu wa nyumbani nikawaambia mama amelazwa, amewekewa oksijeni, hawezi kuambiwa habari ya kifo. Wakaamini. Kwa nini wasiniamini? Mimi ndiye msomi wa boma letu.

Mama akauliza, "Nyieka hajambo?"

"Hajambo. Nimeongea naye leo, anakusalimia."

"Amesema nini?"

"Amesema ule vizuri, uache kunisumbua."

Mama alicheka akapiga paja. "Huyo mwanamke! Mwambie asiguse kuku wangu." Nikasema nitamwambia. Mama Dorka alikuwa mochari.

Na sikukoma siku hiyo. Kila jioni mama alitaka salamu, na kila jioni nilimtungia. Nikamwambia Mama Dorka amekohoa kidogo lakini amepona. Nikamwambia amenunua kitenge. Ulimi huu wangu, Mungu wangu, sijui ulitengenezwa na nini.

Siku ya mazishi nilimdanganya kwamba napeleka majoho Kosele na nitalala huko. Nikaenda Rusinga. Kama mke mkubwa, mama ndiye aliyetakiwa kukaa karibu na jeneza, apokee wanaoingia wakilia. Waliweka kiti chake na hakuna aliyekikalia. Wamama wa kanisa walimwombea mama yangu palepale kando ya kaburi, wakamwomba Mungu asimchukue na huyu wa pili. Walikuwa wameinua mikono na machozi yanawatoka. Mimi nikasema amina nao.

Lakini nilisahau watu wetu walivyo. Ukiwaambia mtu ni mgonjwa, wanakuja kumwona.

Walifika Jumapili mchana, wamama wanne wa kanisa, na kuku, na unga, na omena kwenye mfuko. Aliyewaongoza ni Mama Risper, jirani yetu wa miaka yote. Walimkuta mama mlangoni anabambua njugu, mzima, hana oksijeni wala nini. Mimi nilikuwa ndani napiga pasi. Nilisikia vigelegele vya mama, alifurahi sana kuwaona. Halafu nikamsikia Mama Risper akisema kwa upole, "Pole sana kwa ajili ya nyieki, mke mwenzako. Tumemzika vizuri."

Mama akauliza, "Mmezika nani?"

Nikatoka mbio. Wote waliniangalia. Hapo ndipo ningeweza kupiga magoti niseme ukweli, na wangenitukana, na yangeisha. Badala yake nikamshika mama bega, nikawaangalia wale wamama, nikasema, "Nilimwambia. Nilimwambia akalia sana. Siku hizi anasahau."

Nataka msome hiyo tena. Mama yangu alikuwa na akili zake zote, na mimi nilisema mbele ya watu wake kwamba zimepotea, ili nisiaibike.

Mama hakupiga kelele. Nilitegemea atalia kwa ile sauti yake ambayo kisiwa kizima kinaijua. Aliketi tu, akaniuliza polepole, "Kweli uliniambia?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Wamama walianza kuongea juu ya kichwa chake kama hayupo. Mmoja akasema hata mama mkwe wake alianza hivyo. Mwingine akaniambia nifiche viberiti. Walipoondoka, Mama Risper alinikumbatia akaniambia Mungu atanibariki kwa kazi ninayofanya.

Tangu siku hiyo mama alianza kujiogopa. Kwanza aliuliza kila kitu mara mbili, kama amekula, kama amekunywa dawa, kama leo ni leo. Halafu akaacha kuuliza, nadhani aliona aibu. Hakupika tena kwa sababu aliogopa kuunguza nyumba. Nilipomrudishia simu hakuipokea, akasema atawaambia watu upuuzi. Na watu nao wakaacha kupiga, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba haelewi kitu. Alikuwa anajiuliza ni mtu wa aina gani anaweza kuambiwa nyieka amekufa, alie, halafu asahau. Niliwahi kumsikia akimwomba Mama Dorka msamaha kwa kumsahau. Niko jikoni, nasikia, nanyamaza.

Akakonda. Akaacha kuoga mpaka nimlazimishe. Siku moja alisema hataki tena vidonge vya presha, kwa sababu mtu anajitibu ili aende wapi. Hapo ndipo niliogopa kweli, nikampeleka hospitali moja Homa Bay kwa daktari wa mambo ya akili.

Daktari alikuwa msichana mdogo, anaongea Kiluo safi. Alimwuliza mama siku, mwezi, majina ya wajukuu. Akampa maneno ya kukumbuka, wakapiga hadithi za samaki, kisha akamwomba ayarudie. Mama aliyarudia yote. Akaongeza na jina la babu wa daktari, kwamba alimzika mwaka ule maji yalipofurika. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, kichwa chako kiko sawa," alisema. "Una ugonjwa wa huzuni, na tunautibu. Lakini nani alikuambia unasahau?"

Mama aligeuka akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu yeyote, hata na mwanamume aliyenifukuza kwake. Nikaanza kulia, na nikalia nikisema yote pale pale, simu, redio, Kosele, yote. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akajifunga leso, akasema twende.

Nje tuliketi kwenye benchi. Akaniuliza, "Kwa hivyo zile salamu?"

"Nilizitunga, mama."

"Zote?"

"Zote."

"Na kitenge?"



Aliomba nimpeleke Rusinga, na huko ndiko tuko sasa. Nimefunga duka. Nilidhani akiwa nyumbani atarudi kuwa yule wa zamani, lakini nimemleta kwa watu ambao nimeshawafundisha kwamba yeye si mtu tena. Wanamsalimia kwa kupayuka kama kiziwi. "Mama, mimi ni nani? Unanijua?" Anawajua wote, na mama zao, na siku walizozaliwa. Anawaangalia tu.

Nilienda kwa Mama Risper kumwambia ukweli. Nilipiga magoti kweli, kwenye sakafu yake. Nikamwambia mama hajawahi kusahau kitu, nilidanganya mimi. Alinisikiliza akitikisa kichwa, akaniinua, akanipa chai. Akasema, "Ni vizuri mtoto akimfichia mama yake aibu." Nikarudia. Akanipapasa mgongo akasema ananielewa. Nimewaambia na wengine kanisani, ni hivyo hivyo. Ninavyozidi kusema, ndivyo wanavyozidi kunisifu. Ouma peke yake ndiye aliniamini, na Ouma haongei na mimi.

Daktari alisema dawa zitasaidia, lakini mama anahitaji watu wake, mtu wa kuongea naye kila siku. Akaniuliza rafiki yake wa karibu ni nani. Mlitaka nimjibu nini?

Dawa anakunywa siku akitaka. Chakula ni vijiko vichache. Jumamosi iliyopita kulikuwa na mazishi boma la tatu kutoka kwetu, nikamwambia mama avae, nitamshika mkono twende polepole. Ngoma zilisikika mpaka ndani, na yeye alilala akiangalia ukuta mpaka watu walipotawanyika. Sauti ile sijaisikia tena. Hata kwa Mama Dorka hajalia mpaka leo, na ninaamini kilio hicho ndicho kinammaliza ndani.

Juzi nilikuwa namnywesha uji. Akausukuma mkono wangu, akaniangalia vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu lile benchi akaniambia sentensi nzima.

"Mimi nikifa, usiwaambie watu," alisema. "Wewe unaweza."

Nawaomba ninyi mnaosoma, hasa ninyi mliowatoa wazee kijijini mkawafungia mjini kwenye geti mkiita mapenzi. Mzee akifiwa, mwambie siku hiyo hiyo. Mpeleke, alie, alale huko na wenzake, arudi amechoka. Na usije ukathubutu kumwambia mtu mwenye akili zake kwamba zimeondoka, kwa sababu ukitaka kumrudishia hutaweza, mimi najaribu kila siku na hakuna anayeniamini, hata yeye mwenyewe simwoni kama anataka tena. Presha ina vidonge, kila zahanati vinapatikana. Mwambie tu.